Pikipiki Isiyokwisha ya Ngadiyo

Ukipita nyumbani kwa Ngadiyo alasiri yoyote, ungemkuta amechuchumaa ubavuni mwa pikipiki ileile, akifungua nati aliyoifunga jana. Sisi majirani tulishazoea. Mtu akichelewesha jambo tulimwambia, "Haya, na wewe unaunda pikipiki ya Ngadiyo?" Fundi aliyekawia na paa la msikiti aliambiwa hivyo. Mama mmoja aliyepitiliza siku zake za kujifungua aliambiwa hivyohivyo, masikini, akacheka mpaka uchungu ukamshika.

Ngadiyo naye alicheka pamoja nasi. Tulidhani ni mtu mwenye moyo mpana. Kumbe mwenzetu alikuwa amekalia mwiba.

Kazi yake ilikuwa kulinda kivuko cha reli, pale barabara iendayo mji wa Klaten inapokatiza njia ya treni. Kibanda chake upana wake ni wa kitanda cha mtu mmoja. Kengele ikilia anashusha vizuizi, treni inapita, anainua vizuizi, watu wanakwenda zao, yeye anabaki. Miaka ishirini na sita alikuwa akibaki. Na kwa kuwa kila pikipiki ya wilaya ile ilisimama mbele ya dirisha lake ikiunguruma, alizijua kuliko wenyewe walivyozijua. Angeweza kufumba macho akatoa kichwa nje na kupiga kelele, "Wewe wa tatu kutoka mbele! Valvu yako inagonga! Utakuja kuisukuma hiyo!" Na kweli mtu yule angeonekana wiki ya pili anaisukuma.

Mapenzi yake yalikuwa pikipiki kuukuu. Hakuwa fundi wa kulipwa, na ukimpa pesa alikasirika. Wengine kwetu hufuga njiwa, wakawaogesha na kuwaimbia asubuhi. Yeye alifufua pikipiki. Alishafufua mbili, moja ya fundi viatu, nyingine iliyokuwa imelaliwa na kuku miaka kumi na moja. Ya tatu ndiyo hii, na hii haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, Lastri.

Ilianzia kwa baba yake Lastri, Mwalimu Kartono, Mungu amrehemu. Alikuwa na Honda CB ya mwaka 1974, tangi jekundu, na kijiji kizima kilijua mwalimu anarudi kabla hajaonekana. Mwaka alioanza kuugua aliifungua yote ili aisafishe, na hakupata nguvu ya kuirudisha. Alipokufa, urithi ukagawanywa. Kaka mtu, Mulyadi, ambaye Lastri humwita Mas Mul kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa, akachukua nyumba na shamba la mpunga lililo kando ya mfereji. Lastri akapewa pikipiki, yaani magunia matatu ya vyuma. Siku ya chakula cha arobaini, mbele za watu, Mas Mul akasema, "Haya dada, na wewe usiseme hukurithi. Ukikosa mchele utatafuna nati."

Watu walicheka. Lastri naye alicheka, maana angefanya nini? Akalia walipofika nyumbani, akiwa bado ameshika vyombo vya watu vya kurudisha.

"Baba Wening," alimwambia mumewe, maana kwetu mke humwita mume kwa jina la mtoto, "usiiuze. Iunde. Nataka siku moja ya Idi niingie uani kwa baba nimekaa nyuma yako, pikipiki inaunguruma, Mas Mul atoke aone. Siku moja tu. Baada ya hapo hata ukiitundika ukutani sina neno."

Ngadiyo aliapa. Na alikuwa na furaha, tusimsingizie. Mwaka ule wa kwanza hakuna mtu aliyekuwa na furaha kama yeye katika kata yetu. Aliloweka nati zenye kutu kwenye maji ya ukwaju. Alizunguka masoko ya vyuma chakavu kila siku ya mapumziko akitafuta kabureta ya asili, akaipata soko la Muntilan, chini ya meza ya muuza sufuria. Alisuka spoki za magurudumu kwa mkono, moja moja, akiimba kwa puani.

Kisha akaja kwenye fremu.

Mwalimu Kartono, kwa ubahili wake wa kiualimu, alikuwa ameipaka fremu ile rangi ya milango mara nne. Chini ya rangi kulikuwa na kutu, na chini ya kutu kulikuwa na vishimo. Ngadiyo akaazima mashine ya kusugulia kwa Parjo, mchomeleaji aliye jirani na kile kivuko cha reli, akaweka kisahani cha msasa, akaanzia mkiani akaenda mpaka shingoni, pale usukani unapoingia. Hapo shingoni ndipo palipokuwa pameoza zaidi, na hapo ndipo alipokaa zaidi. Alisugua mpaka chuma kikang'aa, akajaza vishimo kwa puti, akasugua tena, akapuliza rangi nyeusi. Shingo ikatoka laini kama yai lililomenywa. Watu walikuja kuipapasa. Mimi mwenyewe niliipapasa nikasema, "Ngadiyo, mikono yako ina baraka."

Sasa, kila pikipiki ina namba ya chasisi, iliyogongwa kwenye shingo ya fremu. Namba hiyo imo pia kwenye kitabu cha umiliki. Kibao cha usajili cha pikipiki kwetu huishi miaka mitano; kikifa, unaipeleka pikipiki yenyewe ofisi ya kodi, afisa anabandika karatasi shingoni, anasugua kwa penseli, namba inatokea, analinganisha na kitabu. Ikilingana, unapewa kibao kipya. Isipotokea namba, hiyo si pikipiki tena. Ni mali isiyo na kwao, na mbele ya polisi ni ya wizi hata kama ulizaliwa nayo. Kibao cha mwalimu kilikufa wakati anaumwa. Kitabu Lastri alikihifadhi kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na cheti cha ndoa.

Ilikuwa Alhamisi, pikipiki imekamilika, imebaki kupelekwa tu. Lastri alishanunua ndara mpya za kupandia. Ngadiyo, kwa raha yake tu, akachukua karatasi na penseli ajaribu mwenyewe. Akabandika shingoni, akasugua. Karatasi ikawa nyeusi. Akabandika nyingine, ikawa nyeusi. Akapapasa kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayetafuta kipele. Akakwangua rangi, akakwangua puti, akafika kwenye chuma. Kulikuwa kumebaki mguu wa saba, na kipindo kimoja ambacho kingeweza kuwa cha tatu au cha nane. Basi. Namba nyingine zote zilikwenda na msasa, kwa mikono yake yenye baraka.

Kutoka pale mpaka jikoni ni hatua kumi na moja. Alimsikia Lastri anatwanga pilipili. Angekwenda wakati ule, angesema, angetukanwa siku mbili, mambo yakaisha. Lakini alijiambia, kesho. Na kesho hiyo ilichukua miaka mitatu.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakumjua Ngadiyo. Yake ilikuwa ndefu, na kila siku alilazimika kuitembea. Kwanza alisema ringi za pistoni zimeliwa. Akaifungua injini nzima, nzima kabisa, akaifunga tena. Kisha klachi inateleza. Kisha nyaya. Mwaka wa pili alirudia rangi ya tangi mara tatu, na hakuna aliyeona tofauti kwa sababu haikuwapo. Zamani aliikimbilia pikipiki kupumzika na kazi; sasa aliomba zamu za wenzake ili asiione. Kwenye kile kibanda chake alikaa akisikia pikipiki za watu zinapita, chakavu, mbovu, zinazotoa moshi kama jiko la kuni, zote zina namba, zote zinakwenda zitakako, naye anazifungulia njia.

Kuna asubuhi moja Lastri alisimama mlangoni na sinia la maji.

"Mbona leo nimeisikia inawaka?"

"Inawaka, ndiyo."

"Basi twende tukachukue kibao."

"Tatizo ni springi za nyuma," alisema Ngadiyo, na neno lilimtoka kabla hajalifikiria. "Hazibebi watu wawili. Springi za zamani hizi, nyembamba. Na watu wa zamani walikuwa wembamba."

Lastri aliweka sinia chini. Akatazama springi, akajitazama, akasema, "Sawa."

Tangu mwezi ule alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, sunna wanayofunga wacha Mungu. Jioni alikula majani ya mihogo na chumvi, hagusi wali. Asubuhi alikunywa dawa chungu ya mizizi aliyoinunua kwa mama mchuuzi wa dawa. Ngadiyo aliona, na kila alivyoona ndivyo alivyozidi kujichukia. Alijiambia, mke wangu anakuwa walii, na mimi ni tapeli ninayelala naye kitanda kimoja.

Kibaya zaidi ilikuwa Idi yenyewe. Kwetu, asubuhi ya Idi, watu wakirudi kusali, mke hupiga magoti mbele ya mume, akaweka mikono pamoja, akamwomba msamaha wa mwaka mzima. Kila mwaka Lastri alipiga magoti juu ya mkeka na kusema, "Nisamehe makosa yangu, ya kujua na ya kutojua, ya nje na ya moyoni." Na mume hujibu, "Nimekusamehe, na mimi nisamehe." Ngadiyo alilisema upesiupesi, kama mtu anayetema kipande cha moto. Lastri alimbusu mkono. Mkono uleule uliofuta namba.

Mwaka wa tatu wa uongo huo, mwezi wa Ramadhani ulipoingia, habari zikaja kwamba figo za Mas Mul zimekwisha. Mwanawe anakuja kumchukua ampeleke mjini Surabaya baada ya Idi, na nyumba imeshauzwa kwa mfanyabiashara wa vyakula vya kuku, ambaye atabomoa. Lastri alizipokea habari hizo akiwa anasuka vifuko vya majani ya mnazi vya kupikia wali wa Idi. Hakuacha kusuka.

"Idi hii ndiyo ya mwisho pale uani kwa baba," alisema. "Baba Wening, mimi nimejitahidi upande wangu. Na wewe jitahidi upande wako."

Ngadiyo hakuelewa upande wake Lastri ulikuwa upi. Alielewa wake tu. Siku ileile akaenda kwa Parjo, akasubiri wateja waondoke, akamweleza yote, neno kwa neno, mara ya kwanza kwa binadamu yeyote.

Parjo alivua miwani ya kuchomelea. "Wee! Miaka mitatu unakonda kwa ajili ya hilo tu?" Akavuta kopo la biskuti chini ya meza, ndani vikagongana vyuma vya kugongea namba. "Hizi hapa. Sifuri mpaka tisa. Unaweka, unagonga, unapaka masizi na mafuta, umemaliza. Namba unayo kwenye kitabu, huibi ya mtu."

"Watu wanagonga?"

"Wengi sana. Wako wa aina mbili, walio nje na walio ndani."

"Parjo, mimi sitanii."

"Wala mimi. Mkono usitetemeke, basi."

Siku ya mwisho kabla ofisi hazijafungwa kwa sikukuu, Lastri alikwenda sokoni asubuhi. Ngadiyo akatoa kitabu kabatini, akafungua ukurasa wenye namba, akakiegemeza kwenye tangi. Tarakimu ya kwanza ilikuwa nne. Akaweka chuma shingoni, akainua nyundo, akagonga mara moja. Rangi ikaruka. Akafuta vumbi, akatazama.

Nne yenyewe ilikuwa imeinama. Tena ilikuwa pana, ina kichwa wazi, na ile iliyonakiliwa kwa penseli kitabuni ilikuwa nyembamba, imefungwa kichwani. Hata mtoto wa chekechea angeona kwamba hizi hazikutoka mkono mmoja. Lakini si hilo lililomfanya ashushe nyundo. Alitazama kitabu akakumbuka nani atakayesimama dirishani kwa afisa. Si yeye. Mrithi ni Lastri, na sahihi ni ya Lastri. Atakwenda na kilemba chake cha kijivu na zile ndara mpya, ataweka kidole juu ya uongo asioujua, na wakimshika, watamshika yeye. Ngadiyo alikaa chini sakafuni, nyundo mapajani. Alikuwa amejenga kichumba chake mwenyewe cha uongo miaka mitatu, na sasa alikuwa karibu kumtia mkewe ndani na kufunga mlango kwa nje.

Akazungusha kitambaa shingoni mwa pikipiki. Lastri aliporudi akamwambia, "Nimepiga simu, ofisi imefunga mapema."

Lastri aliweka kapu la soko chini. Alipiga pasi blauzi yake ya lesi ya Idi, akaitundika.

Asubuhi ya Idi walirudi kusali. Kuku wa nazi alikuwa jikoni, wali wa kwenye vifuko ulikuwa umetundikwa. Ngadiyo akakaa kwenye kiti kama inavyopasa. Lastri akatandika mkeka, akakusanya marinda ya nguo yake, akaanza kuinama.

Ngadiyo akamdaka mikono. "Usipige magoti."

"Kwa nini? Umekasirika?"

"Usipige magoti, Mama Wening. Nakuomba." Akashuka kwenye kiti, magoti yake yakalia. Mtu wa miaka hamsini na minne, na shati jipya la batiki, magotini kwenye mkeka mbele ya mkewe. "Ni mimi. Pikipiki ilikwisha zamani. Ilikwisha mwaka wa kwanza. Niliifuta namba ya chasisi kwa msasa. Nilisugua mpaka nikaifuta, haipo. Haiwezi kupata kibao. Nimekudanganya miaka mitatu. Na majuzi nikagonga ya uongo, moja tu, nikashindwa."

Lastri alisimama vilevile, mikono imeshikwa. Kisha akajinasua, akaenda pale ilipo pikipiki, akafungua kitambaa. Akapapasa shingo. Kidole chake kikakuta ile nne iliyopinda, kikakaa hapo.

"Na springi?" aliuliza.

"Springi gani?"

"Springi za nyuma, Baba Wening. Zisizobeba watu wawili."

"Ah. Hizo nzima. Nzima tangu siku ya kwanza. Nilikosa la kusema tu."

Lastri akageuka. Nimesikia habari hii kwa Ngadiyo mwenyewe.

"Miaka miwili sijala wali usiku," alisema Lastri.

"Si ulikuwa unafunga sunna?"

"Sunna gani! Nilikuwa nafunga kwa ajili ya springi zako! Nimekunywa mizizi mpaka matumbo yamegeuka. Nilidhani ni mimi. Nilidhani umeitazama pikipiki ya baba ilivyo nzuri, ukanitazama mimi nilivyo, ukaona haya kunipakia. Kila ukifungua injini nilisema, anatafuta njia ya kutonibeba. Miaka miwili, we mwanamume! Ungeniambia namba, ningekutukana siku moja. Mimi nilijitukana mwenyewe kila siku!"

Alilia kwa hasira. Alivua ndara moja, ile mpya ambayo miaka mitatu haikupandia chochote, akampiga nayo begani, mara mbili, kwa nguvu. Ngadiyo hakukwepa. Kosa la msasa alikuwa amelijua na kulibeba. Hili hakulijua, na ndilo lililokuwa kubwa.

Lastri akajipangusa uso kwa ncha ya kilemba. Akavaa ndara.

"Simama. Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Kwa baba. Bila kibao haiendeshwi barabarani. Kusukumwa je, inakatazwa?"

"Kusukumwa... haikatazwi."

"Basi mimi nitakaa nyuma, wewe utasukuma. Na kila atakayeuliza utamwambia kweli. Kila mmoja. Ukisema petroli imekwisha, nashuka, na sirudi."

Kilomita nne. Lastri alikaa upande upande, blauzi ya lesi, kilemba cha kijivu, bakuli la kuku wa nazi mapajani, mgongo umenyooka. Ngadiyo aliushika usukani akasukuma. Na siku ya Idi barabara ina watu kuliko siku zote. Kila mtu anatoka nyumba hii kuingia ile kuombana msamaha.

"Bwana Ngadiyo! Petroli imekwisha?" aliita wa kwanza, muuza tofu ya soya.

Ngadiyo alitazama lami. "Hapana. Nilifuta namba ya chasisi."

"Umesemaje?"

"Sema kwa sauti," alisema Lastri.

"Nilifuta namba ya chasisi! Kwa msasa! Mimi mwenyewe!"

Muuza tofu alifungua mdomo akausahau wazi. Walipopita nyumba sita habari ilikuwa imeshawatangulia, watu wametoka vibarazani. Mmoja akauliza kama alifumba macho wakati anasugua. Mwingine akasema, "Kumbe ndiyo maana haikwishi!" na kicheko kikaenda mpaka mwisho wa mtaa. Jasho lilimtoka Ngadiyo shati zima. Aliyajibu yote. Wa kwanza watano aliwajibu akitazama chini. Wa sita alimtazama usoni. Walipofika kwenye kivuko, kengele ikalia na vizuizi vikashuka mbele yao, na mwenzake wa zamu, Ponijan, akatoa kichwa dirishani. Kabla hajauliza, Ngadiyo akaita mwenyewe:

"Nilifuta namba, Ponijan! Miaka mitatu nawadanganya!"

"Wewe? Wewe unayetufokea kwa ajili ya valvu?"

"Mimi huyuhuyu!"

Ponijan alicheka mpaka akakaribia kuchelewa kuinua vizuizi. Ngadiyo alisimama upande wa nje wa vile vyuma vyake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake hana haraka vifunguke. Mgongo ulimuuma vibaya. Lakini alishangaa kuona kwamba kifua hakikumuuma.

Uani kwa marehemu mwalimu lango la mianzi lilikuwa wazi kwa ajili ya wageni. Mas Mul alikaa kibarazani, miguu imevimba kama viazi vikuu, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Masanduku ya safari yalishapangwa ukutani. Aliwaona wakiingia, na uso wake ukachangamka kwa ile hamu yake ya zamani ya kudhihaki.

"Lo! Dada amekuja na urithi! Mnausukuma? Nilisema mimi, nilisema, mtatafuna nati!"

Lastri hakushuka. Hakujibu. Aliliweka bakuli vizuri mapajani.

"Baba Wening," alisema, "hapa si barabarani. Washa."

Ngadiyo akafungua petroli, akakanyaga kiki mara moja. Moja tu, miaka mitatu ya kufungua na kufunga haikupotea bure kwa injini ile. Ikawaka, ikatulia, ikaunguruma ule mlio wake mzito wa polepole, wa kila jioni, wa mwalimu anarudi.

Mas Mul aliacha kucheka katikati. Akaondoa blanketi. Mwanawe akasema, "Baba, usisimame, daktari kasema," naye akamsukuma mkono. Akashuka ngazi pekupeku, akishika ukuta, kisha hakuna ukuta, akivuta ile miguu, akawapita Lastri na Ngadiyo bila kuwatazama. Akaenda mpaka langoni. Lango lilikuwa wazi. Akalishika, akalivuta akalifungua zaidi, mpaka mwisho, likagota kwenye ua, akasimama kando yake amelishikilia.

Lastri aliona, akaelewa. Walipokuwa watoto hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mul. Akisikia mlio kwenye kona ya mianzi, aache chochote akafungue lango, maana mwalimu hakupenda kusimama.

"Zima," alinong'ona Lastri. "Baba Wening, zima."

Mlio ulipokatika Mas Mul alibaki palepale, amelishika lango. Lastri alishuka, akamwendea, akataka kupiga magoti aombe msamaha kama mdogo anavyopaswa. Mas Mul akamshika bega.

"Nilikupa magunia nikidhani vilivyo vizuri nimechukua mimi," alisema. "Nisamehe, dada."

Walikula. Walikaa mpaka alasiri. Ngadiyo alimweleza naye habari ya msasa, wa ishirini na mbili kuelezwa siku ile, na Mas Mul akacheka mpaka akakohoa.

Ofisi zilipofunguliwa Ngadiyo na Lastri walikwenda polisi, na kitabu, na ile nne iliyopinda ambayo Ngadiyo aliieleza mwenyewe kabla hajaulizwa. Pikipiki ikazuiliwa kwa uchunguzi. Ninapoandika haya bado iko nyuma ya uzio wa waya pamoja na nyingine nyingi, na siku zake za mapumziko Ngadiyo huenda na kitambaa, huomba ruhusa, huipangusa tangi. Huenda ikapewa namba, huenda isitoke kamwe. Hakuna anayejua.

Lakini nirudi kwenye ile Idi. Njia ya kurudi nyumbani ina kilima. Ngadiyo alisukuma mpaka nusu, pumzi zikamwishia, akasimama amejiegemeza kwenye tangi. Lastri akashuka.

"Si kwa ajili ya springi," alisema.

"Najua."

Akavua ndara, akaziweka juu ya kiti, akaenda nyuma, wakasukuma wote. Na usiku alipakua wali, sahani yake na ya mumewe, akala yote, akaongeza.